Big Bird wa zamani au Elmo wa leo: umwekee mtoto yupi?

Ukiandika "Sesame Street", jina la kipindi cha watoto cha Marekani, kwenye YouTube, unaletewa mambo ya zaidi ya miaka 50 yakiwa yamechanganywa pamoja. Kuna Big Bird, ndege mkubwa wa njano mwenye kichwa kilichonyonyoka, picha yake imefifia. Kuna ndege huyohuyo manyoya yamejaa, sauti ya upole. Kuna Elmo, zimwi dogo jekundu linalocheka bila kukoma, na zimwi hilohilo kwenye picha safi ya juzi, likivuta pumzi taratibu ili litulize hasira. Mtoto hajali. Atabonyeza chochote chenye rangi, na bando litaisha vilevile.

Kipindi kilianza Marekani tarehe 10 Novemba 1969 na hadi leo vipya vinatengenezwa. Big Bird ana miaka sita. Elmo ana miaka mitatu na nusu na minne hataifikisha. Umri wao umesimama, lakini wenyewe wamegeuka sana: mwili, sauti, tabia, mikono inayowachezesha, hata urefu wa kipindi wanamotokea. Ndiyo maana mzazi mmoja atakuambia Sesame Street ilimfundisha mwanawe kusoma, na mwingine atakuambia ni makelele matupu, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Hawakutazama kitu kimoja.

Kwa wenye haraka, jibu langu ni hili. Mtoto wa miaka miwili au mitatu, mpe Elmo. Wa miaka minne hadi sita, mtafutie Big Bird wa miaka ya 1980. Big Bird wa 1969 mwangalie wewe, watoto wakishalala. Sababu zinafuata, na baadhi yake huenda zikakufanya ukatae jibu lenyewe.

Ndege aliyeanza akiwa mjinga

Big Bird alizaliwa kwa sababu ya tatizo. Kabla kipindi hakijaanza kurushwa, vipande vya majaribio vilionyeshwa watoto huko Philadelphia katikati ya mwaka 1969. Washauri wa saikolojia walikuwa wamesisitiza kwamba vikaragosi, yaani wanasesere wanaochezeshwa kwa mikono, visichanganywe na watu halisi, mtoto asije akachanganyikiwa. Basi vikaragosi vikawekwa kwenye sehemu zao, watu kwenye sehemu zao za mtaani. Matokeo: vikaragosi vikitokea, watoto wanakodoa macho, wakija watu wa mtaani, watoto wanaanza kuchezea viatu. Ushauri ukawekwa kando, na Jim Henson, fundi wa vikaragosi wa kipindi, akaunda vikaragosi viwili vya kukaa mtaani pamoja na watu: Big Bird, na Oscar anayeishi kwenye pipa la taka.

Ila huyo Big Bird wa mwanzo hakuwa mtoto. Alikuwa mshamba mkubwa, mzito wa kuelewa, mtu wa kugonga milango na kuangusha vitu. Utosini alikuwa na vinyoya vya kuhesabika. Ukimtazama leo unamwona kuku aliyenyeshewa.

Aliyemgeuza ni mtu aliyekuwa ndani yake, Caroll Spinney. Alipopewa tukio ambalo ndege anatamani sana kwenda chekechea na wenzake, alisema huyu asichezwe kama mjinga, achezwe kama mtoto: hajui kwa sababu bado hajafundishwa. Wakakubali. Sauti ikalainika, maswali yakaongezeka, na kadiri misimu ilivyokwenda manyoya ya kichwani yakajaa na uso ukapata huruma. Mchezeshaji ni yuleyule, ila ukiweka msimu wa kwanza karibu na wa kumi utadhani ni ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti.

Inafaa ujue anavyochezeshwa, maana ndiyo siri ya utulivu wake. Mchezeshaji ananyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa chake. Mkono huo ndio shingo ya ndege, na kiganja kiko ndani ya kichwa kikifungua na kufunga mdomo, huku kidole cha mwisho kikivuta kope. Mkono wa kushoto uko kwenye bawa la kushoto. Bawa la kulia halina mkono kabisa: limefungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki unaopita chini ya shingo hadi mkono wa kushoto, hivyo bawa moja likishuka, jingine linapanda. Nje haoni. Kifuani amefungiwa kiskrini kidogo, anajitazama kama wewe unavyomtazama sebuleni. Na juu ya yote hayo, ndege ana urefu wa karibu mita mbili na nusu.

Mtu aliyebeba mzigo huo kwa mkono mmoja ulioinuliwa hawezi kurukaruka. Mwangalie Big Bird akiuliza swali. Kichwa kinalala kidogo upande, mdomo unafungwa, kope zinashuka mara moja, halafu kimya. Mtoto wako anapata nafasi ya kujibu kabla mtu mzima wa kwenye kipindi hajajibu. Katuni nyingi za siku hizi hazimpi mtoto hata nukta moja ya kimya kama hicho.

Vipindi vya 1969 vina nini?

Vina mtaa mchafumchafu wa New York, wenye ngazi za mbele ya nyumba na watoto wanaocheza bila mtu wa kuwachunga. Kipindi cha kwanza kabisa kinaanza na Gordon, mwanamume wa mtaani, amemshika mkono msichana mgeni aitwaye Sally, anamtambulisha kwa majirani, kisha anapelekwa kwa Gordon na mkewe Susan kunywa maziwa na kula biskuti. Wakati huo ulikuwa ukarimu. Leo mzazi yeyote atashtuka.

DVD za misimu hiyo ya mwanzo zilipotolewa mwaka 2006, ziliwekewa onyo kwamba ni za watu wazima na huenda hazimfai mtoto wa chekechea wa sasa. Watu walicheka sana. Mimi nadhani onyo lile lilikuwa la haki, ila sababu yake ilikuwa nyingine kuliko waliyoifikiria wengi. Sally na maziwa yake hawatamdhuru mtu. Kinachomsumbua mtoto mdogo ni mwendo. Joan Ganz Cooney, mama mwanzilishi wa kipindi, aliona watoto wanakariri matangazo ya biashara, akasema basi herufi nazo zitangazwe hivyohivyo. Kipindi cha kwanza "kilidhaminiwa" na herufi W, S na E na namba 2 na 3. Mambo yanakatwakatwa: kikatuni, wimbo, mtaani, kikatuni tena. Anayefahamu herufi kidogo anafurahi. Asiyezifahamu anapotea njiani.

Vitu vingine vya enzi hizo ni vya kuburudisha jicho tu. Oscar wa msimu wa kwanza ana rangi ya machungwa. Alirudi msimu wa pili akiwa wa kijani, akajitetea kwamba alikwenda likizo kwenye kinamasi. Cookie Monster baadaye aliigiza mzee msomi mwenye kiko mdomoni, akimaliza mchezo kwa kukila. Kiko kikaondolewa miaka ilipokwenda. Kwa mtu mzima anayependa kujua vitu vilianzaje, saa nzima inapita haraka.

Big Bird aliyekomaa akiwa na miaka sita

Huyu ndiye ninayempigia debe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 hadi mwanzo wa 1990, kabla Elmo hajautawala mtaa, Big Bird ndiye jicho la mtoto ndani ya kipindi. Anakosea majina. Ana wivu kidogo. Anachora. Anaogopa kuachwa. Anaambiwa ukweli na watu wazima wasiomdanganya, na mambo mengine hayamwingii mara moja.

Kuna jambo moja kuhusu ukubwa wake ambalo wazazi hulisahau. Mtoto wa miaka mitano anamwona mtu mkubwa kuliko baba yake ambaye hajui mambo ambayo yeye mwenyewe tayari anayajua. Hilo linampa mtoto kichwa. Anamsahihisha. Anapaza sauti. Ukimwona mwanao anabishana na skrini, usimnyamazishe. Anafanya kile ambacho waliotunga kipindi walikitaka.

Kasoro zipo. Mtaa umejaa mizaha ya kumfurahisha mzazi wa Marekani wa wakati ule: waigizaji, vipindi na nyimbo ambazo hata huko Marekani vijana hawazijui sasa. Kiingereza ni cha kasi ya mtaani. Na kipindi kizima ni dakika 60, muda ambao nyumba nyingi hazina nafasi nao.

Elmo

Kwa miaka mingi kikaragosi hiki kilikuwa cha kujazia nyuma ya wengine, hakina maana ya pekee. Wachezeshaji kadhaa walikijaribu. Richard Hunt, mmoja wao, alikichoka, na katikati ya miaka ya 1980 akamtupia kijana mwenzake Kevin Clash aone kama ataweza kukifanyia chochote. Clash akakipa sauti nyembamba ya juu na tabia moja tu: upendo. Elmo anakumbatia, anabusu, anacheka. Basi. Watoto hawakuhitaji zaidi.

Tofauti ya mwili ndiyo ya kuiangalia kwanza. Elmo ni mkono mmoja kichwani na fimbo nyembamba za kuendeshea mikono yake. Ni mwepesi. Anasogea hadi kamera imjae uso, anaanguka, anajificha, anarudi. Na ni mdogo kuliko mtazamaji wake. Mtoto wa miaka miwili, ambaye kila mtu duniani ni mkubwa kwake, hatimaye anampata mmoja wa kumwonea huruma.

Mwaka 1996 mwanasesere wa Elmo anayecheka akitekenywa aliuzwa zaidi ya milioni moja kufikia mwisho wa mwaka, watu wakisukumana madukani kumgombea. Mzazi anayechagua leo ahesabu na hilo. Hakuna anayeanza kumpenda Elmo akaishia kwenye skrini tu: kuna begi, kikombe, keki ya siku ya kuzaliwa, na mwanasesere wa bandia kutoka sokoni anayetoa nyuzi nyekundu kwenye kila kochi.

Kisha likaja Elmo's World, mwaka 1998: robo saa na ushei ya mwishoni mwa kipindi, Elmo akiwa kwenye chumba kilichochorwa kwa kalamu za rangi, pamoja na samaki wake Dorothy. Kila siku mada moja: kofia, mpira, ndizi. Mpango haubadiliki. Elmo anauliza swali, dirisha linafunguliwa, bwana mmoja asiyesema neno anajaribu kuvaa kofia na kuivaa mguuni, sauti za watoto zinampigia kelele kwamba sivyo, anajaribu tena. Kesho hivyohivyo. Mtu mzima akitazama cha tatu anataka kutoroka nyumba yake mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili anakitaka cha nne, kwa sababu kujua kinachofuata ndiyo raha yake yote.

Wapenzi wa zamani wanasema Elmo aliua mtaa. Naelewa machungu yao, ila lawama imemwangukia asiyehusika. Sesame Street ya 1969 ilitengenezewa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, hasa wa familia maskini za mijini, wafike shule wakijua herufi. Kufikia miaka ya 1990 waliokuwa mbele ya televisheni walikuwa wadogo zaidi, wengine hata miaka miwili hawajafikisha, na dinosaria wa zambarau aitwaye Barney alikuwa ameshawachukua wengi tangu 1992. Kipindi kikawafuata watazamaji wake chini, kwenye zulia. Big Bird ni mrefu mno kwa huko.

Lugha ya Elmo ndiyo inayonipa mashaka. Anajitaja kwa jina kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine, kama wanetu wanavyosema "Juma anataka maji" kabla hawajapata "nataka". Mtoto anayesikia Kiingereza kila siku nyumbani hatadhurika, ataacha mwenyewe. Lakini kama skrini ndiyo mwalimu wake pekee wa Kiingereza, na nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo, basi baada ya miaka mitatu au minne mwongezee Big Bird. Yeye anasema sentensi kamili, polepole, na anarudia.

Wote wawili mbele ya kifo

Njia nzuri ya kuwapima ni kuwaweka kwenye jambo moja.

Will Lee, aliyeigiza Bwana Hooper mwenye duka, alifariki Desemba 1982. Watayarishaji wangeweza kusema amehama, au wakamweka mwigizaji mwingine. Waliamua kusema amekufa. Kipindi kilirushwa tarehe 24 Novemba 1983, sikukuu ya Shukrani huko Marekani, makusudi kabisa ili wazazi wawepo nyumbani.

Big Bird amechora picha za marafiki zake watu wazima na anazigawa moja moja. Kila mmoja anacheka akiona sura yake. Inabaki ya Bwana Hooper. Ndege anasema atampa akirudi. Watu wazima wanatazamana. Wanamwambia tena kwamba Bwana Hooper amekufa, na wafu hawarudi. Big Bird anakataa: nani atamtengenezea kinywaji chake, nani atamsimulia hadithi? Anauliza kwa nini lazima iwe hivi, anataka sababu. Gordon anamjibu kwamba ni hivyo kwa sababu ni hivyo tu. Hawakumtajia ugonjwa wala hospitali, mtoto asije akadhani kila anayelazwa hufa. Hawakumwambia amelala. Michoro ile ilichorwa na Spinney mwenyewe, na machozi ya wale watu wazima si ya kuigiza. Walikuwa wamempoteza mwenzao. Picha ya mzee inatundikwa juu ya kiota.

Sasa Elmo, Aprili 2010. Hapo hakuna mtaa wa kawaida. Ni kipindi maalumu kuhusu familia zilizofiwa, na katikati yake kuna familia halisi zinazosimulia misiba yao. Mjomba wa Elmo, Jack, amefariki, na binti yake Jesse hataki kuongea. Elmo haelewi kwa nini hawezi tu kumwona mjomba tena. Baba yake, Louie, anamkalisha chini na kumweleza. Elmo anajaribu kumchekesha Jesse, hafaulu, kisha anajifunza kukaa naye.

Ukifiwa nyumbani, upi? Mtoto anayeuliza maswali yaleyale kila jioni, "atarudi lini", Big Bird atamfaa, maana anauliza swali hilohilo na kujibiwa bila kuzungushwa. Mtoto aliyenyamaza, au mwenye ndugu aliyenyamaza, apewe Elmo na Jesse. Ukaribu ni mkubwa na kuna mzazi wa kuigwa: Louie anaonyesha kabisa mtu mzima akae wapi na aseme nini. Cha Big Bird ni kazi bora zaidi ya sanaa, hilo sina ubishi nalo. Cha Elmo kinafundisha wazazi zaidi.

Hapo kati kuna badiliko ambalo wengi hawaligundui. Mwaka 1992 mtaa ulirekodi kipindi kizima ambacho wazazi wa Snuffleupagus, yule rafiki wa Big Bird mwenye manyoya ya kahawia na pua ndefu, wanatalikiana. Watoto wa majaribio wakakitazama, na baadhi wakatoka na hofu kwamba wazazi wakigombana tu basi ndoa imekwisha. Hakikurushwa hata siku moja. Miaka ilipopita, mambo mazito yalianza kuwekwa pembeni ya mtaa, kwenye video na vijitabu vya mtandaoni: talaka mwaka 2012, kupitia kikaragosi Abby Cadabby, mzazi aliye gerezani mwaka 2013, kupitia mvulana aitwaye Alex. Julia, msichana mwenye usonji, yeye aliingia kwenye kipindi chenyewe mwaka 2017. Kwa hiyo usiseme Sesame Street ya sasa imelegea kwa sababu umetazama vipindi vitano na hukuona machozi. Machozi yana rafu yake. Mzazi anayatafuta akiyahitaji.

Mikono mipya

Spinney alimchezesha Big Bird hadi mwaka 2018 na kufariki Desemba 2019 akiwa na miaka 85. Nafasi yake ilichukuliwa na Matt Vogel, aliyekuwa akifundishwa na kupokezana naye tangu miaka ya 1990. Clash aliondoka mwaka 2012, na tangu mwaka uliofuata Elmo ni Ryan Dillon. Mtoto hatatambua. Wewe uliyekua nao utatambua: Big Bird wa Vogel ana uchangamfu zaidi na majonzi kidogo kuliko wa Spinney, na Elmo wa Dillon ni mtulivu kuliko yule wa 1996. Kwa masikio yangu, hilo la Elmo ni nafuu.

Tarehe 29 Januari 2024 akaunti ya Elmo kwenye mtandao wa X iliuliza tu, wote hamjambo? Majibu yakamiminika kwa maelfu, mengi ya watu wazima wakisema wamechoka, wameachwa, wamepoteza kazi. Wale wa zulia la 1998 wameshakuwa na miaka karibu 30.

Muda na bando

Hadi kitambo kipindi kilikuwa saa nzima. Tangu Januari 2016, kilipohamia HBO, televisheni ya kulipia, kwanza kabla ya kurudi televisheni ya umma ya Marekani, kikawa nusu saa. Ule mtaa wenyewe ukasafishwa, kiota cha Big Bird kikahamishwa mtini, na Elmo akapata makazi ndani ya jengo la namba 123, lililo katikati ya kila kitu. Misimu ya Netflix, iliyoanza Novemba 2025, imejengwa juu ya hadithi moja ya dakika 11 na vipande vidogo vya kuizunguka.

Dakika 11 zina faida ya wazi kwa mtoto anayetazama wakati ugali unasongwa. Hasara ni kwamba Big Bird hawezi kuwa Big Bird ndani ya dakika 11. Tabia ya kuuliza, kusubiri, kuuliza tena, inahitaji nafasi ya kupotezwa. Katika vipindi vipya anapita kama mjomba mheshimiwa aliyekuja kusalimia. Elmo hapungukiwi kitu. Ufupi ndio nyumbani kwake.

Kwa mtoto wa Kiswahili

Hapa lazima nikiri upendeleo: mtoto wa chini ya miaka minne ajifunze namba na hisia kwa lugha anayoombea maji. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilipata Kilimani Sesame, toleo la Kiswahili lililogusa mambo ya hapa, malaria ikiwemo. Halikudumu kama lilivyostahili. Afrika Kusini walikuwa wametangulia: Takalani Sesame ilimleta Kami mwaka 2002, msichana wa miaka mitano wa rangi ya haradali anayeishi na VVU, yatima wa mama, mchangamfu kuliko wote. Hakuna Elmo wala Big Bird wa kumlinganisha naye, na Marekani hawakuwahi kuthubutu kumweka mwenzake mtaani kwao. Kwa matumizi ya kila siku, Akili and Me ya shirika la Ubongo la Tanzania, ingawa ni katuni na haina kikaragosi hata kimoja, itamfaa zaidi mtoto wa Mbagala au Kisauni kuliko Elmo wa Kiingereza. Elmo aje baadaye, kama mgeni.

Walio Muscat, Minneapolis au London hesabu yao ni kinyume. Kiingereza kitakuja chenyewe tu, kwa hiyo Sesame Street kwao ni burudani, na dakika za skrini wazitumie zaidi kwenye Kiswahili.

Mkiwa na wawili, mkubwa na mdogo

Hapa ndipo ugomvi wa rimoti unapoanzia, na nina pendekezo moja mahususi. Snuffleupagus alitokea mwaka 1971, na kwa miaka mingi mchezo ulikuwa kwamba kila mtu mzima akifika, yeye ameshaondoka. Wakubwa wakawa wanadhani Big Bird anamzua tu kichwani. Watayarishaji walianza kuona hatari: mtoto anayeona ndege mkweli haaminiwi kila siku anaweza kujifunza kwamba hata akidhuriwa na mtu, hakuna haja ya kusema. Novemba 1985 wakaamua wakubwa wamwone.

Big Bird anapanga neno la siri la kuwaita, "chakula", alipaze mara Snuffy akiwa karibu. Tatizo ni kumzuia Snuffy asiondoke. Anayemshikilia pua, akining'inia kwa nguvu zake zote ndogo, ni Elmo, wakati huo bado mgeni mtaani. Wakubwa wanafika, mdomo wazi, mmoja mmoja wanasalimiana na mnyama waliyemkana, na wanamwambia Big Bird kwamba kuanzia leo watamwamini. Mdogo wako atamtazama Elmo. Mkubwa atamtazama Big Bird. Kaa nao, maana mkubwa hatakosa kuuliza kwa nini watu wazima wa mtaa mzima walihitaji miaka 14.